Benedicto Kiwanuka, Mkalimani Aliyekuwa Jaji Mkuu

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, aandike habari za maisha yake. Wengi darasani walichagua wafalme na majemadari. Mimi nimechagua mwanasheria. Tena si mwanasheria aliyetoka katika nyumba ya fedha, akapelekwa Ulaya angali kijana. Ni mtu aliyekuwa askari, kisha akawa karani na mkalimani wa mahakama, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 30. Jina lake ni Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka, mtu wa nchi jirani ya Uganda.

Nina sababu yangu ya kumchagua, na afadhali niiseme mapema. Nina umri wa miaka 19, nami niko kidato cha tano. Wengi wa wenzangu wana miaka 16 au 17. Nilikaa nyumbani miaka miwili kwa kukosa karo, na muda huo nilikaa kwa bibi yangu mzaa mama, kilimani, nje kidogo ya mji wa Kigali. Bibi alikuwa na shauri la kipande cha shamba la migomba. Shauri lilipokatwa mara ya kwanza hakuridhika, akataka kukata rufaa. Bwana mmoja, ambaye jina lake silitaji, akapokea fedha za bibi ili amwandikie karatasi za rufaa. Akakawia. Karatasi zilipofika, siku zilizowekwa na sheria zilikuwa zimepita, zikarudishwa bila kusikilizwa. Mimi ndimi niliyemsomea bibi ile barua iliyorudi, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama barua ilisema shamba si lake, ama ilisema siku tu. Nikamjibu kwamba ilisema siku tu. Tangu jioni ile nataka kuwa wakili.

Lakini nimekuwa na mashaka mawili. La kwanza, je, sikuchelewa? La pili alinitia mjomba wangu, aliyeniambia kwamba sheria ni maneno ya karatasi, na mbele ya bunduki karatasi haina nguvu. Nilipoyasoma maisha ya Bwana Kiwanuka niliona kwamba mashaka yote mawili yamo ndani ya maisha yake. Basi nisikilizeni.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922, katika kijiji cha Kisabwa, upande wa Masaka, katika nchi ya Buganda. Sehemu hiyo si ngeni kwetu Wanyarwanda. Wengi wa babu zetu walikwenda huko kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na pamba, na wengine hawakurudi. Tena Mapadre Weupe walioanzisha misheni ya Save mwaka wa 1900, misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi yetu, walifika wakifuatana na wasaidizi na makatekista kutoka Buganda. Kwa hiyo tukisema kwamba Kiwanuka alilelewa katika mikono ya misheni, tunajua maana yake: kengele ya asubuhi, hesabu za ubaoni, sala, na kazi ya jembe baada ya masomo.

Jamaa zake walikuwa watu wa kawaida, si watu wa jumba la Kabaka. Jambo hili likumbukwe, kwani litarudi mbele. Alisoma katika shule za misheni huko kwao Masaka, kisha Nsambya karibu na Kampala. Masomo yake yalikoma kabla ya kufika mbali. Wakati ule Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaka, na serikali ya Uingereza ilikuwa ikiandika vijana wa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1942 Kiwanuka aliingia jeshini, akiwa na miaka 20. Alitumika mpaka mwaka wa 1946, akasafiri hata Mashariki ya Kati. Vijana waliotoka jeshini walirudi na macho mapya. Walikuwa wameona nchi nyingine, wamejifunza lugha, na wameona pia kwamba Mzungu ni mtu kama watu wengine: huogopa, huugua na hufa.

Askari wengi waliporudi makwao walitumia akiba yao wakamaliza. Kiwanuka alitafuta kazi, akaipata katika Mahakama Kuu ya Uganda, Kampala. Kazi yake ilikuwa ukarani na ukalimani. Wasomaji wengine labda wataidhani kazi hii kuwa ndogo, lakini hebu tuitazame vizuri. Jaji alikuwa Mwingereza. Mawakili karibu wote walikuwa Wazungu na Wahindi. Mshtakiwa alikuwa mkulima aliyetoka kijijini, hajui neno moja la Kiingereza, na pengine kosa lililotajwa lilikuwa la kunyongwa. Katikati yao alisimama mkalimani. Akikosea neno moja, mtu aliyesema kwamba alimsukuma mwenzake ataandikwa kuwa alimpiga. Uhai wa mtu ulipita katika kinywa chake, naye hakuwa na ruhusa ya kuongeza neno lake mwenyewe, hata akiona wazi kwamba mshtakiwa hakuelewa swali.

Mimi niliyemfasiria bibi barua moja tu, naweza kukisia mtu anayefanya hivyo kila siku huwaza nini. Huwaza kwamba haitoshi kuyabeba maneno ya wengine. Hutamani siku moja asimame upande wa pili wa meza, ajenge hoja yeye mwenyewe. Sijui kama Kiwanuka aliwaza hivyo kwa namna hiyo hasa, lakini matendo yake yaliyofuata yanaonyesha wazi mahali moyo wake ulipoelekea.

Sasa tazameni ukuta uliokuwa mbele yake. Katika Afrika ya Mashariki yote hapakuwa na chuo kikuu kilichofundisha sheria. Makerere ilikuwako, lakini sheria haikufundishwa huko wakati ule. Kitivo cha kwanza cha sheria katika nchi hizi kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1961 tu. Mtu aliyetaka kuwa wakili ilimpasa kwenda Uingereza au India, na safari hiyo ilitaka fedha nyingi. Tena serikali za kikoloni hazikupenda sana kuwapa Waafrika nafasi za kusoma sheria. Zilipenda wasomee ualimu, uganga na kilimo, kwa maana wakili ni mtu anayejua kuuliza serikali imefanya jambo kwa amri gani. Waafrika mawakili walihesabika kwa vidole. Katika Uganda Bwana Apollo Kironde alikuwa wa kwanza, na katika Kenya Bwana Argwings-Kodhek.

Na kulikuwa na ukuta mwingine, mrefu kuliko ule wa fedha. Kiwanuka hakuwa na cheti cha kumwingiza chuo kikuu. Kazi alikuwa nayo, mshahara alikuwa nao, na heshima ya ukarani haikuwa ndogo siku zile. Angaliweza kukaa hapo mpaka uzee. Lakini mwaka wa 1950, akiwa na miaka 28, aliacha kazi akarudi darasani.

Alikwenda mbali sana, katika nchi ya Basutoland, ambayo leo ni Lesotho. Huko, mahali paitwapo Roma, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameanzisha chuo kilichoitwa Pius XII mwaka wa 1945. Ni chuo hicho ambacho baadaye kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho. Nchi ile ni ya milima kama yetu, lakini wakati wa baridi theluji huanguka. Kiwanuka alikaa huko miaka miwili, akijaza mapengo ya masomo aliyoyakosa ujanani. Mtu aliyekwisha kuvaa nguo za askari, aliyekwisha kusimama mbele ya majaji, aliketi tena kwenye dawati pamoja na vijana wadogo, akasahihishwa makosa yake kwa wino mwekundu. Nilipofika hapo katika kuyasoma maisha yake niliona haya. Mimi huwa najificha nyuma darasani kwa sababu nimewazidi wenzangu miaka miwili au mitatu.

Mwaka wa 1952 alifaulu kuingia University College, katika Chuo Kikuu cha London, kusomea sheria. Alikuwa na miaka 30. Ni vizuri nieleze kidogo jinsi mtu alivyopata kuwa wakili katika Uingereza, kwani desturi yao ni ya kigeni. Shahada ya chuo kikuu peke yake haikutosha. Ilimpasa mwanafunzi kujiandikisha katika mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili wa London, ambavyo ni Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Kiwanuka alikuwa wa Gray's Inn. Huko mwanafunzi alifanya mitihani ya sheria, na pamoja na hiyo alitakiwa kula chakula cha jioni katika ukumbi wa chama, mara nyingi zilizohesabiwa, muhula kwa muhula. Jambo hili huwachekesha wengi, kwamba mtu ale ili awe wakili! Lakini maana yake ni kwamba mwanafunzi akae meza moja na mawakili wazee na majaji, asikie mazungumzo yao, ajue adabu ya kazi, na wao wamjue yeye ni mtu wa namna gani. Uwakili haukuhesabiwa kuwa elimu tu. Ulihesabiwa kuwa tabia pia.

Mwaka wa 1956 aliitwa rasmi kuwa wakili, akarudi Uganda. Hesabuni sasa. Alitoka jeshini mwaka wa 1946, na kazi ya uwakili aliianza mwaka wa 1956. Ni miaka 10 kamili. Alipita mahakama ya Kampala, milima ya Lesotho, na ukungu wa London, kisha akarudi katika mji uleule wa Kampala, mahali alipokuwa akifasiri maneno ya wengine. Safari hii alisema maneno yake mwenyewe.

Lakini hakukaa sana katika kazi hiyo. Siku zile Uganda ilikuwa ikielekea Uhuru, na watu waliojua sheria walivutwa katika siasa. Palikuwa na chama kilichoitwa Chama cha Demokrasi, kwa kifupi DP, kilichoanzishwa mwaka wa 1954. Wengi wa wafuasi wake walikuwa Wakatoliki, ambao waliona kwamba vyeo vikubwa vya serikali ya Kabaka huko Mengo vilishikwa zaidi na Waprotestanti. Mwaka wa 1958 Kiwanuka alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama hicho.

Uchaguzi ulifanyika mwezi Machi 1961. Serikali ya Mengo ilikuwa imewakataza watu wa Buganda kujiandikisha, kwa sababu iliogopa kwamba Uganda huru ingemmeza Kabaka. Wengi walitii. Wachache waliothubutu kupiga kura katika Buganda waliipa DP karibu viti vyote vya huko, na kwa hiyo DP ikashinda, ingawa chama cha UPC cha Bwana Milton Obote kilipata jumla ya kura nyingi zaidi katika nchi nzima. Ni lazima tuseme kweli yote, hata juu ya mtu tunayempenda. Ushindi ule ulikuwa wa halali kwa sheria, lakini ulisimama juu ya msingi mwembamba. Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi tarehe 2 Julai 1961, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Mtoto wa watu wa kawaida wa Masaka, miaka 12 baada ya kuacha ukarani, alikuwa amekaa katika kiti cha juu.

Huko Mengo watu wengi hawakumsamehe. Waliona kwamba mtu wa chini amejiinua juu ya mfalme wake. Naye hakuwa mwepesi wa kubembeleza. Hata waliomsifu wamekiri kwamba alikuwa mkaidi, na kwamba alipoamini jambo kuwa haki hakupenda kulipunguza ili apate marafiki. Katika mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka wa 1961 ilikubaliwa kwamba wajumbe wa Buganda katika Bunge waweze kuchaguliwa na Lukiiko, yaani baraza la Kabaka, badala ya wananchi wenyewe. Kwa njia hiyo mlango ulifungwa mbele ya Kiwanuka. Katika uchaguzi wa Aprili 1962, UPC kilishirikiana na chama cha Kabaka Yekka, na DP ikashindwa. Waziri Mkuu alitoka katika kiti, na hata nafasi ya kuingia Bungeni hakuipata. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ilipandishwa chini ya uongozi wa Bwana Obote.

Kiwanuka alishindwa, akakabidhi serikali kwa amani. Hakukimbilia msituni wala hakuchochea askari. Aliendelea kukiongoza chama chake akiwa nje ya Bunge. Baadaye urafiki wa Obote na Kabaka ulivunjika. Mwaka wa 1966 askari walilivamia jumba la Kabaka, na Kabaka akakimbilia Uingereza. Mwishoni mwa mwaka wa 1969, baada ya Obote kupigwa risasi na kuponea chupuchupu, vyama vya upinzani vilipigwa marufuku, na Kiwanuka akatiwa kizuizini. Mwanasheria akajua kwa mwili wake mwenyewe jinsi ilivyo kufungwa pasipo kuhukumiwa.

Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Obote. Siku chache baadaye aliwafungulia wafungwa wa kisiasa 55, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Watu wa Kampala walishangilia barabarani. Mwezi Juni mwaka uleule, Amin alimteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kupewa cheo hicho. Fikirini: katika jengo lile la Mahakama Kuu, mahali alipokuwa mkalimani, sasa alikuwa mkuu wa majaji wote.

Watu wengine huuliza kwa nini alikubali kutumika chini ya mtu kama Amin. Mimi nimeliwaza swali hilo sana. Wakati ule ukatili wa Amin haukuwa umejulikana kwa wote kama ujulikanavyo leo, naye Kiwanuka alikuwa amefunguliwa gerezani kwa mkono wake. Pengine alitumaini kwamba mahakama imara ingeweza kuwashika askari mkono. Kama ni kosa, ni kosa la mtu anayeamini sheria.

Mwaka wa 1972 mambo yaliharibika upesi. Mwezi Agosti Amin aliwaamuru Wahindi watoke nchini kwa muda wa siku 90. Watu walikamatwa na askari, wakapotea. Mwezi Septemba lilifika mbele ya Jaji Mkuu shauri la Mwingereza mmoja mfanya biashara, Daniel Stewart, aliyekuwa amekamatwa na askari na kuwekwa ndani. Mawakili walileta ombi la aina ya kale sana katika sheria ya Kiingereza. Ombi hilo humtaka yeyote anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji, aeleze anamshikilia kwa sheria gani. Asipoweza kueleza, mtu yule huachiliwa. Ombi hili halichagui rangi, dini wala kabila. Kiwanuka aliyasikiliza maneno, akaona kwamba kifungo kile hakikufuata sheria, akaamuru mtu yule aachiliwe.

Jaji Mkuu alijua vema anamhukumu nani. Upande mmoja alikuwa mgeni, mtu wa taifa lililowatawala jana. Upande wa pili palikuwa na askari wa Rais aliyempa cheo. Angaliweza kuahirisha shauri, au kutafuta kijisababu cha kulitupa, kama barua ya bibi yangu ilivyotupwa kwa hesabu ya siku. Hakufanya hivyo.

Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa. Baada ya hapo hasira na hofu viliitawala Kampala. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, wakamchukua Jaji Mkuu katika ofisi yake mchana kweupe, mbele ya macho ya wafanyakazi wa mahakama, wakaondoka naye kwa gari. Hakuonekana tena. Aliuawa, na mwili wake haukurudishwa kwa jamaa zake. Serikali ya wakati ule ilikana kuhusika. Alikuwa na miaka 50.

Hapa ndipo shaka la pili liliponikabili, lile la mjomba wangu. Naye mjomba hasemi ovyo. Sisi wa Kigali tunazo habari zetu. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari walimchukua Bwana Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba, nyumbani kwake katika mji wetu huu, wakamuua. Wauaji walijua wanachokitafuta. Walitaka pasiwe na mtu wa kuuliza kwa sheria gani. Baada ya miezi ile, majaji na mawakili wa nchi yetu wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, na magereza yalikuwa yamejaa.

Lakini tuangalie yaliyofuata. Umoja wa Mataifa ulianzisha mahakama ya pekee huko Arusha, iliyofanya kazi mpaka mwaka wa 2015, na ndani yake wakalimani walikaa siku nzima wakibeba maneno ya mashahidi wetu kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza, kazi ileile aliyoianza Kiwanuka. Nyumbani watu waliketi katika Gacaca mpaka mwaka wa 2012, wakakata mashauri karibu milioni 2. Mwaka wa 1997 chama cha mawakili wa Rwanda kiliundwa kwa sheria. Kama sheria ingekuwa karatasi tu, watu waliopoteza kila kitu wasingejisumbua kuijenga upya toka chini.

Na huko Uganda jina la Kiwanuka halikufa. Ipo barabara yenye jina lake katikati ya Kampala, mahali penye maduka na msongamano wa watu. Tangu mwaka wa 2018 mahakama za Uganda hufanya mhadhara kila mwaka kwa ukumbusho wake. Majaji vijana husimulia habari zake. Jina la Amin nalo linakumbukwa, lakini nani angependa kukumbukwa hivyo?

Nilimjibu mjomba hivi. Bunduki ilimshinda Kiwanuka mwili, hilo ni kweli. Lakini walipomchukua amri yake ilikuwa imekwisha andikwa, nayo ilisema kwamba hakuna mtu, awe askari au Rais, awezaye kumfunga mwenzake bila kueleza sababu. Wauaji hawakuwa na jibu la kuandika chini yake. Mjomba alitikisa kichwa. Hakukubali, wala hakukataa. Akasema tu kwamba nisome kwa bidii, na kwamba atasaidia karo ya muhula ujao. Kwangu lilikuwa jibu zuri.

Kwa wenzangu wanaofikiri kazi hii, njia ya siku hizi ni fupi kuliko ya Kiwanuka, lakini si laini. Kwanza ni kufaulu mitihani ya mwisho ya sekondari. Kisha ni shahada ya sheria katika chuo kikuu. Baada yake kuna mafunzo ya utendaji wa sheria, yanayotolewa na chuo cha ILPD huko Nyanza, halafu kipindi cha kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa. Lugha ni silaha ya kazi hii. Kinyarwanda tunacho, Kifaransa na Kiingereza twafundishwa, na Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka wa 2017. Kwa kuwa Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2007, wakili wa Kigali aweza kujikuta akisimama katika mahakama ya Jumuiya huko Arusha. Basi tusiidharau sehemu hii ya Kiswahili ya gazeti letu, wala kipindi cha Kiswahili cha Ijumaa mchana wakati usingizi unapotujia.

Ninyi wanafunzi wa zamani, mlio mawakili, makarani wa mahakama au wakalimani, tunawaomba mje mtuambie jinsi mlivyopita. Kijana mmoja anaweza kupata nguvu kwa habari ya saa moja tu.

Nami nilipokwenda kwa bibi likizo iliyopita, nilimsimulia maisha haya kwa Kinyarwanda, toka Kisabwa hata London na kurudi. Alisikiliza huku akimenya viazi. Nilipofika mahali alipochukuliwa Mahakama Kuu aliacha kumenya, akauliza kama mtu yule wa kigeni alikuwa ameachiliwa kweli. Nikamwambia kwamba Jaji alikuwa ameamuru hivyo. Akasema basi yule jaji hakutazama siku, alitazama shauri. Kisha akaniuliza nimebakiza miaka mingapi. Nikahesabu mbele yake kwa vidole, nikaona kwamba nikijaliwa nitaapishwa kabla sijafika umri ambao Kiwanuka aliingia darasani huko Lesotho.

Sikuchelewa.